Waliosoma NP Marekani: shule iliwafundisha nini, na kazini mlikuta nini?

#1 ZamuYaUsiku

Wakuu, salaam. Swali langu ni kwa waliopitia shule ya NP hapa Marekani, na wanaosoma sasa hivi pia mnakaribishwa.

Kwa wasioijua kada hii: NP (nurse practitioner) ni nesi aliyerudi chuo akachukua uzamili au udaktari wa uuguzi, akapewa kibali cha kumpima mgonjwa, kuutaja ugonjwa, kuagiza vipimo na kuandika dawa. Mimi ni nesi wa wodi ya watu wazima, zamu ya usiku. Nimepata nafasi ya FNP, yaani NP wa familia, na masomo yanaanza muhula ujao.

Kinachonisumbua ni hiki. Kila NP ninayemuuliza kazini ananipa jibu lilelile: shule nilifaulu, mtihani wa bodi nilifaulu, lakini mwaka wa kwanza wa kazi nilikuwa nalia kwenye gari. Na hawa si watu wazembe, ni watu ninaowaamini na maisha ya wagonjwa wangu. Sasa dai langu, mnipinge: shule ya NP inakuandaa kufaulu mtihani, haikuandai kukaa chumbani na mgonjwa anayesubiri uamuzi wako. Kama si hivyo, kwa nini wote wanasema neno moja?

#2 Stetho

Jibu ni saa za mazoezi, basi. Kiwango cha chini cha kitaifa ni saa 500 na mgonjwa. Ukizigawa kwa saa 40 za kazi kwa wiki, ni wiki 12 na nusu tu. Daktari wa familia akimaliza chuo cha udaktari anakaa miaka 3 ya residensi, yaani kufanya kazi chini ya daktari mkubwa, kabla hajaachiwa. Halafu wote wawili wanaingia kliniki moja, wanapangiwa mgonjwa yuleyule mwenye presha, kisukari na figo zinazochoka. Utaachaje kulia?

#3 Kalamu Nyekundu

@Stetho naomba kurekebisha. 500 ni kiwango cha zamani. Viwango vya taifa vya elimu ya NP vilivyotolewa 2022 vimepandisha hadi 750 za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja. Na anayesoma DNP, yaani udaktari wa uuguzi, akitokea shahada ya kwanza, jumla yake inatakiwa kufika 1,000. Vyuo vimekuwa vikijirekebisha kwa mwendo tofauti, kwa hiyo ZamuYaUsiku uliza chuo chako kwa maandishi: saa ngapi, na katika hizo ngapi ni za mgonjwa halisi mbele yako, si maigizo ya maabara.

#4 MamaPacha

Mimi sikubaliani na nyote wawili. Saa ni tarakimu tu. Kinachoamua ni nani amekaa nawe ndani ya hizo saa.

Chuo nilichosoma kilitupa fomu na barua, kikatuambia tafuteni prisepta wenyewe. Prisepta, kwa wageni wa uzi huu, ni yule NP au daktari anayekupokea kliniki kwake akufundishe kwa vitendo. Nilipiga simu kliniki baada ya kliniki, wakati mwingine kutoka zamu moja kwa moja, sauti imekauka. Wengi hawakurudisha simu. Mwisho nikapata wawili, na tofauti yao ndiyo elimu yangu yote.

Wa kwanza alinikalisha pembeni. Ninaangalia anavyoandika kwenye kompyuta, naandika saa zangu, naondoka. Zilihesabiwa kama saa halali. Wa pili alikuwa mama mmoja mtu mzima, mkali. Hakuniruhusu kugusa mlango wa mgonjwa kabla sijamjibu. Kwenye karatasi ameandikwa mgonjwa wa miaka hamsini na kitu, kifua kinauma. Ananiuliza: "Kabla ya yote, nini kinaweza kumuua leo?" Nikitaja kiungulia anatikisa kichwa. Anataka kwanza nitaje mshtuko wa moyo, damu iliyoganda mapafuni, kuchanika kwa mshipa mkuu wa aota, hewa iliyonasa kifuani na kukandamiza pafu. Nikishavitaja ndipo ananiuliza kila kimoja nitakiondoaje: swali gani, kipimo gani, mkono uwekwe wapi. Kiungulia tulikizungumzia mwishoni.

Tukitoka ananiambia nimweleze mgonjwa kwa sentensi chache, pasipo karatasi. Nikibabaika tunarudia. Mpaka leo nikishika kitasa cha mlango naisikia sauti yake. Muhula mmoja kwake ulizidi yote niliyoyapata kwa yule wa kwanza. Kwa hiyo ukiniambia 500 au 750 nakuuliza: kwa nani?

#5 Kifaru77

MamaPacha umesema kweli tupu. Na siku hizi yapo makampuni yanayomtafutia mwanafunzi prisepta kwa malipo, juu ya ada ya chuo ambayo tayari umelipa. Mimi nilijiwekea sharti moja: chuo ambacho hakitafuti prisepta kwa niaba ya mwanafunzi sikiombi. Nilisubiri mwaka mzima zaidi kwa sababu hiyo, na sijutii.

#6 Bint_Hodari

Habari wadau. Mbona hakuna anayegusa jambo kubwa, uzoefu wa unesi kabla ya kuomba? Vipo vyuo vinamchukua mtu aliyepata leseni ya unesi juzi. Vipo hata vinavyomchukua mwenye shahada ya fani nyingine kabisa, anapitishwa unesi na NP kwa mfululizo. Mimi nilikaa ICU, wodi ya mahututi, miaka mingi kabla ya kwenda. Mgonjwa anayezidiwa namtambua kwa kumtazama: rangi ya ngozi, anavyovuta pumzi, anavyojibu. Hicho darasani hakipo. Huwezi kufundishwa na slaidi.

Ushauri kwa mleta uzi: kama hujashika wodi angalau miaka michache, ahirisha.

#7 Stetho

@Kalamu Nyekundu shukrani kwa marekebisho. Lakini hata 750 ni kidogo, hoja yangu haijafa.

#8 Mzee wa Dozi

Vijana wangu, nimewasoma wote. Niko kwenye kazi hii muda mrefu na nimewasimamia wanafunzi wengi, basi niongeze langu.

Binti yangu @Bint_Hodari, uzoefu ni mali, sikatai. Lakini nimeshuhudia manesi wa ICU, watu hodari hasa, wakihangaika kliniki ya familia kuliko mtu aliyekuja na uzoefu mdogo. Utingo anaijua barabara, anajua kila kona na kila shimo, lakini siku akipewa usukani mikono inatetemeka. Kazi ya nesi ni kugundua kwamba mambo hayaendi sawa na kumwita anayeamua. Anaigundua mapema, anaripoti vizuri, anatekeleza. Siku unapokuwa NP, simu ile inakuja kwako. Nyuma yako hakuna wa kumpigia, au yupo lakini ana wagonjwa wake.

Nitoe mfano mdogo wa kila siku. Mgonjwa wa kisukari anatumia metformin. Nesi anaitoa kwa wakati, anapima sukari, anamwelimisha. Majibu ya maabara yanaonyesha figo zimeshuka. Sasa wewe NP: kiwango cha uchujaji wa figo kikiwa chini ya 30, metformin haifai, unaisimamisha. Kikiwa kati ya 30 na 45, hupendekezwi kumwanzishia mtu mpya, na kwa anayeitumia tayari unapima faida na hatari, mara nyingi unapunguza dozi. Ukiisimamisha, unaweka nini badala yake? Bima yake inalipa hiyo? Ana moyo dhaifu? Yule mwingine mwenye presha anatumia lisinopril na anakohoa kikohozi kikavu kisichoisha. Je, ni dawa? Ni mapafu? Ni tindikali ya tumbo? Ukimhamishia losartan, umekumbuka kuuliza kama anategemea kushika mimba, maana zote mbili hazimfai mjamzito?

Hayo yote yapo kwenye vitabu vya shule. Famakolojia, somo la dawa, umeipasi. Kinachotisha ni kwamba jibu lina jina lako chini yake. Nadhani ndicho kinachowaliza kwenye magari: uzito wa sahihi. Maarifa wanayo. Na uzito huo hakuna chuo kinachoweza kuufundisha, hata kikiweka saa elfu tano.

#9 ZamuYaUsiku

Shikamoo Mzee wa Dozi. Nimesoma jibu lako mara mbili.

Lakini kama hakuna chuo kinachoweza kuufundisha, madaktari wanaufundishwaje? Wao pia siku ya kwanza wana sahihi.

#10 Stetho

Kwa residensi! Wanatia sahihi huku mkubwa wao anatia sahihi chini yao, miaka 3. Ndicho ninachosema tangu #2.

#11 Mzee wa Dozi

Marahaba mwanangu. @Stetho, hapo umenishika kidogo. Nakubali kwamba mwaka wa kwanza wenye msimamizi unasaidia. Zipo residensi za NP zinazochukua kama mwaka mmoja, nyingi kwenye vituo vya afya vya jamii na hospitali za maveterani. Mshahara wake ni mdogo kuliko wa kazi kamili na nafasi ni chache. Nikiulizwa na mwanafunzi ninayempenda, namwambia aombe.

#12 Tabibu_Mtarajiwa

Nimejifunza mengi humu. Ila tusisahau historia, kada hii ilianzishwa Chuo Kikuu cha Duke 1965 kwa ajili ya askari wa tiba waliorudi kutoka jeshini. Haikutegemewa iwe ya kukaa peke yako. Labda tatizo linaanzia huko.

#13 Kalamu Nyekundu

Hapana @Tabibu_Mtarajiwa, umechanganya kada mbili. Ya Duke 1965 ni PA, daktari msaidizi, iliyoanzishwa na Dkt. Eugene Stead, na ndiyo iliyowachukua wale waliokuwa wahudumu wa tiba jeshini. NP ilianza mwaka huohuo wa 1965 lakini Chuo Kikuu cha Colorado. Waanzilishi ni nesi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver, na lengo lilikuwa kuwafikishia huduma watoto wa maeneo yasiyo na madaktari wa kutosha. Ford alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104.

Na ukiangalia chanzo hicho utaona kada hii tangu siku ya kwanza ilijengwa juu ya nesi ambaye tayari ni mzoefu wa afya ya jamii. Hapo namuunga mkono Bint_Hodari: mfumo ulikusudiwa kuongeza ghorofa juu ya nyumba iliyosimama.

#14 Kifaru77

Kalamu wewe hulali? Kila mtu akiteleza tarakimu uko nyuma yake na wino.

#15 Kalamu Nyekundu

Niko zamu ya usiku kama mleta uzi. Wagonjwa wamelala, tarakimu haziwezi kuachwa zilale.

#16 Sauti_ya_Nyanda

Nimechelewa kuingia. Mimi niko mwaka wa mwisho, chuo cha mtandaoni, na nimechoka kusikia kwamba mtandao ndio unaoharibu NP. Hamjalisema humu bado lakini najua linakuja, basi niliwahi.

Ninaishi mbali na chuo chochote. Nina watoto. Bila masomo ya mtandaoni nisingesoma, nukta. Masomo matatu ya msingi, yaani pathofiziolojia (jinsi ugonjwa unavyouvuruga mwili), famakolojia na upimaji wa mwili, nimeyasoma kwa mihadhara iliyorekodiwa, narudia dakika ileile mpaka nielewe. Darasani nani angenirudishia profesa nyuma? Kwenye upimaji wa mwili tuliitwa chuoni kwa siku kadhaa, tukapimwa mikono kwa mikono, asiyejua kusikiliza moyo alionekana palepale.

Somo nililolipata mimi ni tofauti na yote yaliyosemwa. Hakuna anayekusukuma. Chuo kitakupa kiwango cha chini, na kiwango cha chini utakifaulu. Kila jioni baada ya kliniki nachagua mgonjwa mmoja niliyemwona, nasoma mwongozo wa ugonjwa wake mwanzo hadi mwisho. Mmoja tu. Kufikia sasa nina daftari nene ambalo silibadilishi na kitabu chochote cha chuo.

#17 Bint_Hodari

@Sauti_ya_Nyanda hongera kwa bidii, natamka kwa moyo. Lakini mwenyewe umesema: hakuna anayekusukuma. Wewe umejisukuma. Mwenzako wa darasa hilohilo asiyejisukuma anapata shahada ileile. Mgonjwa atawatofautishaje?

#18 Sauti_ya_Nyanda

Na wa darasani je? Wote wanajisukuma?

#19 MamaPacha

Hili la kumsoma mgonjwa mmoja kila jioni ni dhahabu. Niongeze: andika noti yako mwenyewe kabla ya kuangalia ya prisepta. Anachosema mgonjwa, ulichokiona na kukipima, unachodhani ni nini na kwa nini, utafanya nini. Halafu linganisha. Pale mlipotofautiana ndipo pa kusoma usiku huo.

Na jifunze kutokuandika dawa. Mgonjwa anakuja koo linauma, anataka antibayotiki, amelipa, amesubiri. Unaangalia vigezo vya Centor: homa, usaha kwenye tonsili, tezi za mbele ya shingo zilizovimba na kuuma, kutokuwepo kikohozi. Hana hata kimoja. Hapo kipimo cha bakteria hakihitajiki, sembuse antibayotiki. Kumweleza hivyo mpaka akaridhika kunachukua muda mrefu kuliko kubonyeza kitufe cha dawa. Shule ilinifundisha vigezo. Haikunifundisha kusema hapana kwa upole huku wengine wanasubiri nje.

#20 Tabibu_Mtarajiwa

Asante Kalamu kwa historia. Swali lingine: ni kweli kuanzia 2025 huwezi kuwa NP bila DNP? Nimeambiwa uzamili haukubaliki tena.

#21 Kalamu Nyekundu

Si kweli. Linalochanganya watu ni mambo matatu. 2004 chama cha vyuo vya uuguzi kilipendekeza DNP iwe shahada ya kuingilia kada hii ifikapo 2015. Halikutimia. Baadaye umoja wa vitivo vya NP ukatoa wito uleule kwa 2025. Nao ni wito, si sheria, na uzamili bado unakufikisha kwenye mtihani na leseni. Walio na sharti la kweli ni manesi wa nusu kaputi, CRNA: wanaoanza programu tangu 2022 lazima wawe kwenye ngazi ya udaktari.

#22 Stetho

Na mimi nilisoma DNP, niseme wazi: sehemu kubwa ya nyongeza ilikuwa uongozi, sera, takwimu na mradi wa kuboresha huduma. Mradi wangu naujivunia, ulipunguza kweli wagonjwa kusahau miadi. Lakini haukunifanya nisome picha ya kifua vizuri zaidi. Kama tatizo ni utayari wa kliniki, miaka ya nyongeza ingewekwa kwa mgonjwa.

#23 Mwanga_wa_Asubuhi

@Stetho mimi naona kinyume. Ile sera unayoiona mzigo ndiyo inayoamua kama utafanya kazi uliyoisomea. Nilisomea jimbo moja nikahamia Texas kumfuata mume wangu. Nilikotoka nilikuwa na kibali kamili. Texas ili niandike dawa lazima niwe na mkataba wa maandishi na daktari, na dawa zinazodhibitiwa za Daraja la II kama morfini huruhusiwi kuziandika ila hospitalini au kwa wagonjwa wa hospisi, yaani walio mwisho wa maisha. Ni mimi yuleyule, maarifa yaleyale, mkono umefungwa.

Zaidi ya nusu ya majimbo sasa yanampa NP uhuru kamili wa kufanya kazi bila mkataba na daktari, pamoja na Washington D.C. Mengine yana kipindi cha mpito: Minnesota saa 2,080 za kazi chini ya ushirikiano, New York 3,600. California ilifungua mlango kwa sheria ya 2020 iliyoanza kutekelezwa 2023. Nani alitufundisha haya darasani? Wale waliosema sera ni kupoteza muda walisinzia kwenye kipindi hicho.

#24 Stetho

Sikusinzia, nilikaa mstari wa mbele. Na angalia unachosema: Minnesota na New York wenyewe wanadai maelfu ya saa baada ya leseni. Kwa hiyo nao wanaamini shule peke yake haitoshi.

#25 Mwanga_wa_Asubuhi

Au wanasiasa walihitaji muafaka na chama cha madaktari. Kipindi cha mpito ni bei ya kura, si kipimo cha elimu.

#26 Mzee wa Dozi

Mmoja wenu akishinda mniamshe.

Mwanangu ZamuYaUsiku, wakati wanabishana, nikwambie la kuchagua njia, maana lina gharama kuliko yote. FNP anafundishwa huduma ya msingi, umri wote. Kama ndoto yako ni kubaki hospitalini na wagonjwa mahututi, hiyo ni njia nyingine, NP wa watu wazima na wazee upande wa mahututi. Watu wanachukua FNP kwa kuwa inaonekana pana, halafu hospitali inawakatalia wodi ya ICU. Wakitaka kuhama lazima warudi chuo kuchukua cheti cha baada ya uzamili. Na wa mahututi naye hatamgusa mtoto. Wa afya ya akili vilevile, njia yake ni peke yake. Mfumo huu wa kugawanya kwa umri na aina ya wagonjwa umekubaliwa tangu 2008, na bodi za majimbo zinazidi kuufuata.

#27 ZamuYaUsiku

Mzee umenigusa pabaya. Moyo wangu uko kliniki, nataka mgonjwa nimjue yeye na mama yake na mwanawe. FNP inabaki. Ila asante kwa kuniuliza kabla sijalipa.

Waliofanya mtihani wa bodi karibuni, kati ya taasisi mbili zinazoutoa, AANP au ANCC?

#28 Kifaru77

AANP ni maswali 150, saa 3, na 135 ndiyo yanayohesabiwa. Umejikita kwenye kliniki. ANCC kwa FNP ni 175, saa 3 na nusu, yanahesabiwa 150, na ndani yake yapo ya utafiti, sera na wajibu wa kazi. Waajiri wanakubali vyeti vyote viwili na vyote unavihuisha kila miaka 5. Kama Stetho anachukia sera, aende AANP.

Mimi nilifanya AANP. Nilianza maswali ya mazoezi kabla sijamaliza chuo, na nilichosoma zaidi ni maelezo ya majibu niliyokosa.

#29 Bint_Hodari

Na ndiyo maana nasema mtihani haupimi utayari. Swali lina majibu manne, moja ni sahihi. Mgonjwa haji na majibu manne.

#30 Sauti_ya_Nyanda

Mtihani unapima usalama wa chini kabisa, hakuna aliyeahidi zaidi. Leseni ya udereva nayo haikufanyi dereva wa mbio.

Wakuu, kuna kitu hatujakigusa na kinaniumiza zaidi ya yote: lafudhi. Mgonjwa akinisikia nikisema neno la kwanza uso unabadilika. Mmoja aliuliza mbele yangu kama yupo "mwingine". Prisepta wangu alimjibu kwamba aliye mbele yake ndiye atakayempima, akafunga mlango, akabaki nje. Nilimpima polepole, nikamweleza kila ninachokifanya. Sijui alitoka akiwaza nini. Wengine mnafanyaje?

#31 Mwanga_wa_Asubuhi

Pole dada. Mimi sijaribu kuibadilisha lafudhi, napunguza kasi. Nakaa chini, macho yetu yawe sawa. Namwambia nitamuuliza mwishoni anieleze kwa maneno yake tulichokubaliana. Hiyo ya kurudia kwa maneno yake inafundishwa shuleni kwa ajili ya usalama wa mgonjwa, na kwetu inasaidia mara mbili: ananielewa, na mimi najua amenielewa. Wagonjwa wangu wengi sasa wanaomba miadi kwangu kwa jina.

Kuhusu yule aliyeuliza "mwingine", prisepta wako alitenda haki. Mshike huyo.

#32 MamaPacha

Nimesoma #30 nikasimama kidogo. Mimi yalinikuta hayohayo, na yule mama mkali aliniambia kitu kimoja: jitambulishe jina na kazi yako kwa sauti kamili, usimeze maneno. Anayesikia mashaka kwenye jina lako atayasikia na kwenye dawa unayompa.

#33 Tabibu_Mtarajiwa

Na ada? Nimesikia mikopo inabanwa.

#34 Kalamu Nyekundu

Ndiyo. Kwa sheria iliyopitishwa Julai 2025, Grad PLUS, mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa shahada za juu, unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Uzamili wa kawaida unabaki na mkopo wa serikali wenye ukomo wa dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Kabla ya kukopa, uliza hospitali yako kama inachangia ada ya wafanyakazi. Pia anayefanya kazi serikalini au kwenye taasisi isiyo ya faida anaweza kusamehewa salio baada ya malipo 120 yanayokidhi masharti, na National Health Service Corps, mpango wa serikali, inalipia madeni ya NP wanaokubali kwenda maeneo yenye upungufu.

#35 Kifaru77

Na ukipata kazi weka bajeti ya usajili wa DEA, mamlaka ya serikali inayokuruhusu kuandika dawa zinazodhibitiwa, dola 888 kwa miaka 3 kama mwajiri halipi, na mafunzo ya saa 8 kuhusu uraibu ambayo tangu 2023 ni lazima kwa anayesajiliwa. Usajili na makampuni ya bima nao unachukua miezi, usiache kazi ya zamani siku unayosaini mpya.

#36 ZamuYaUsiku

Kuhusu kusaini: kazini nimemsikia NP mmoja analia na mkataba, kitu kinachoitwa "mkia" wa bima ya makosa ya kitabibu. Ndiyo nini?

#37 Mzee wa Dozi

Bima hizo ziko namna mbili. Moja inakulinda kwa tukio lililotokea wakati bima iko hai, hata ukishtakiwa miaka baadaye umeshaondoka. Nyingine inakulinda tu kama na madai yameletwa bima ikiwa hai. Ukiwa na ya pili na ukaacha kazi, unabaki wazi kwa wagonjwa wote uliowaona. Kuziba huo uwazi ndiyo kununua mkia, na mara nyingi bei yake ni kubwa kuliko bima ya mwaka mzima. Kwa hiyo kabla ya kusaini, mkataba utaje aina ya bima na nani analipa mkia ukiondoka au ukiondolewa. Wakisema "tutaelewana baadaye", waombe waandike sasa.

Na katika mkataba huohuo dai mambo mawili mengine: wagonjwa wachache kwa siku miezi ya mwanzo, waongezeke polepole, na jina la mtu utakayemuuliza.

#38 Stetho

Hilo la mwisho Mzee, wagonjwa wachache na mtu wa kumuuliza, ndiyo residensi kwa jina lingine.

#39 Bint_Hodari

Na nesi mzoefu ndiye anayejua kulidai. Aliyetoka chuo moja kwa moja anasaini kwa furaha.

#40 Mzee wa Dozi

Nyote wawili mna haki ya kubaki na maneno yenu. ZamuYaUsiku, ukipata ratiba ya muhula wa kwanza iweke hapa, tuone famakolojia wameiweka kabla au baada ya pathofiziolojia.